Wiki Isiyonyesha

Kwa miaka kumi na tisa kinyozi alinyoa vichwa vya kila namna, vya duara na vya pembe, na hakuwahi kushindwa kujua aanzie wapi. Mwaka ule kalenda ilimshinda.

Mambo yalianzia kwa daktari wa macho, mwezi wa saba. Mama yake kinyozi alikuwa na presha ya macho, na daktari hakutaka kuzunguka. Alisema jicho la kulia karibu limekwisha. La kushoto bado linaona vizuri katikati, ila kingo zimeanza kuliwa, na zitaendelea kuliwa. Dawa ya matone ingechelewesha tu, isingerudisha kitu.

"Kama kuna kitu mama anatamani kukiona, akione mwaka huu," alisema daktari. "Na umwepushe na vumbi."

Nje ya hospitali kinyozi alimshika mama yake mkono, akamuuliza anatamani kuona nini.

"Ndani," alisema mama.

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya hifadhi."

Kinyozi alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Mama yake alikuwa amekata tiketi kwenye lango la hifadhi ya taifa kwa miaka thelathini na mmoja. Kizuizi kilipanda na kushuka mbele ya uso wake mara ngapi, hata Mungu amechoka kuhesabu. Wageni kutoka kila pembe ya dunia walipita pale wakaenda kuona simba, na yeye aliwapa chenji na kuwatakia safari njema. Mara moja kwa mwaka wafanyakazi walipandishwa basi wakatembezwe, na kila mwaka ilibidi mtu mmoja abaki dirishani. Akabaki yule asiyejua kusema hapana. Barabara za ndani alizijua kwa kuangalia matairi ya wanaotoka, kama yana vumbi au yana matope. Wanyama aliwajua kwa maneno ya watu.

"Hujawahi kuingia hata siku moja?"

"Niingie, dirisha nimwachie nani?"

Basi kinyozi akaapa kwamba mama yake ataingia, na ataingia siku nzuri kuliko zote. Hapo ndipo alipojiletea balaa. Gari lilikuwa moja, la shemeji yake mpima ardhi, na shemeji alisema atalitoa mara moja tu kwa mwaka huo, siku mbili, chagua mwenyewe. Jicho nalo lilikuwa moja. Hakukuwa na nafasi ya kukosea tarehe.

Aliwauliza wateja. Watu wa kinyozi wana ugonjwa wao: wakishafungwa shuka shingoni, hakuna wasilolijua.

"Nenda sasa hivi, fundi," alisema dereva wa lori, akiongea huku wembe uko chini ya kidevu. "Kiangazi. Nyasi zimekauka, wanyama wamejazana kwenye maji, unawaona mpaka meno."

Kinyozi alichukua kipande cha sabuni, akaandika pembeni mwa kioo: wa saba, wa nane.

"Na vumbi?"

"Vumbi lipo, bwana. Mimi nilitoka huko mke wangu akanipita mlangoni bila kunitambua."

Kinyozi akafuta.

Bwana shamba alikuja kunyoa Ijumaa. Huyu alikuwa msomi, na alipenda kuongea na kioo kuliko na mtu. "Baada ya mvua za kwanza," alisema. "Vumbi limelala, majani mabichi, hewa imeoshwa. Unaona mpaka mwisho wa dunia."

Kinyozi aliandika: wa kumi na moja.

"Na barabara?"

"Ah, barabara. Ule udongo mweusi ukinyeshewa, gari linakaa hapo hapo kama limepandwa. Inabidi uende mvua zikishaanza, lakini siku ambazo hainyeshi."

"Siku zipi hizo?"

"Hiyo sasa nani ajue," alisema bwana shamba, na akaomba apunguziwe kidogo juu ya masikio.

Kioo kilijaa. Kila mteja aliongeza mwezi wake na kufuta wa mwenzake. Mtu akikaa kitini alijiona na "wa tisa" kwenye paji la uso na "usithubutu" kwenye shavu. Kinyozi alianza kunyoa upande mmoja wa kichwa na kusahau mwingine, na watu walimvumilia kwa sababu walijua ni kwa ajili ya mama.

Akaona bora amuulize mwenyewe.

"Mama, wewe umekaa pale miaka yote. Mwezi gani mzuri?"

"Twende hata kesho," alisema mama.

"Kesho kuna vumbi. Daktari amekataa."

"Basi wewe unajua."

Jioni moja, akiwa anamwekea matone, kinyozi alikumbuka jambo, akajishangaa kwa kuchelewa. "Si ulikuwa unaandika hali ya hewa? Kila siku? Zile fomu za langoni?"

Mama alifunga macho yote mawili, dawa ikamtiririka shavuni. "Zilikuwepo fomu," alisema.

Zilikuwa chini ya kitanda chake, ndani ya sanduku la bati, nakala za kaboni za miaka kumi na minne, mpaka kompyuta ilipoletwa langoni. Zamani aliambiwa azitunze, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache, alizitunza. Kila karatasi ilikuwa na tarehe, magari yaliyoingia, magari yaliyotoka, na chini kabisa hali ya hewa: Anga safi, Mawingu au Mvua. Mwandiko ulikuwa wa mama, umenyooka vizuri. Kinyozi nusura alie kwa furaha. Watu wangebishana mpaka mwisho wa dunia, lakini hizi zilikuwa karatasi.

Mwezi wa nane wote alihesabu, kati ya kichwa na kichwa, akiandika kwenye daftari la shule. Mama alikuja dukani mara kwa mara, akakaa kwenye benchi la wateja na mkoba wake mapajani, akisikiliza karatasi zikigeuzwa. Alikaa hivyo hivyo zamani, kinyozi alipokuwa mdogo na akilelewa na bibi yake, safari ya nusu siku kutoka langoni. Mama alikuja mara moja tu kwa mwaka. Kinyozi alikumbuka mkoba ule, na viatu vyake vilivyoloa, na bibi akivijaza magazeti na kuviegemeza karibu na moto. Tarehe hakuzikumbuka. Mtoto anajua mama amekuja na mama ameondoka, basi.

Jibu lilitoka mwanzoni mwa mwezi wa tisa, na lilimfanya azime mashine mteja akiwa nusu. Wiki ya pili ya mwezi wa kumi na moja. Wiki iliyotangulia, mvua. Wiki iliyofuata, mvua. Lakini wiki hiyo moja, miaka kumi na minne mfululizo, siku tisini na nane, anga safi. Hata wingu moja halikuandikwa.

"Haiwezekani," alisema dereva wa lori.

"Inawezekana kabisa," alisema bwana shamba, ambaye hakuwa na la kusema ila hakupenda kukosa la kusema. Akaeleza kwamba pepo mbili hupishana juu ya hifadhi, moja inaenda na nyingine inarudi, na zikikutana mvua inakwama katikati kwa wiki moja. Alieleza vizuri mpaka mwenyewe akaamini.

Kinyozi alifuta kioo chote, akaandika tarehe moja tu kwa herufi kubwa. Alimpigia shemeji. Kisha akaenda nyumbani kumpa mama habari njema, na mama akaipokea kama barua ya madai.

"Hiyo wiki siipendi," alisema.

"Huipendi vipi? Umeiandika mwenyewe. Huu si mwandiko wako?"

"Mwandiko ni wangu."

"Sasa?"

"Sasa nini? Chai inapoa."

Siku tatu baadaye alisema waende sasa hivi, wasingoje, vumbi atajifunika kitambaa. Wiki iliyofuata alisema wasubiri mpaka mwaka ujao. Kisha akasema karatasi zinaandikwa na watu. Kinyozi alichanganyikiwa zaidi ya alivyochanganyikiwa na wateja wote kwa pamoja. Alianza kuogopa kwamba siyo macho tu yanayoondoka. Alirudi kwa daktari peke yake, akauliza kama presha ya macho inaweza kupanda kichwani. Daktari alisema hapana, akamtazama kama anayefikiria kumpima yeye.

Mwezi wa kumi mama alimimina chai pembeni ya kikombe. Aliimimina taratibu, kwa adabu zake zote, juu ya meza, mpaka ikamfikia mapajani. Kinyozi alifuta meza, kisha akahesabu tarehe. Zilibaki wiki tano. Alijiambia wiki tano ni kidogo, akavumilia, na usiku hakulala sawasawa mpaka siku ikafika.

Shemeji alimpa funguo na maonyo yasiyo na idadi. Waliondoka alfajiri. Mvua ilianza walipoacha lami, matone machache kwanza, halafu ikaja yenyewe na jamaa zake wote. Kinyozi aliendesha akiwa ameinama juu ya usukani.

"Hii ni ya huku tu," alisema. "Kule hainyeshi."

Mama aliukumbatia mkoba wake.

Walifika langoni saa mbili asubuhi. Mvua ilikuwa inamwagika juu ya kizuizi, juu ya kibanda, juu ya ubao wa matangazo. Kinyozi alishuka akakimbilia dirishani, na msichana wa tiketi aliyevaa koti la mpira alimwonea huruma kabla hajafungua mdomo.

"Mnaruhusiwa mpaka daraja la kwanza, kilomita tatu, mnageuza," alisema. "Daraja limefunikwa. Mvua hii ina siku ya tano."

"Dada, kuna makosa," alisema kinyozi. Akatoa daftari kwenye mfuko wa plastiki, akalifungua dirishani, maji yakimtiririka puani. "Wiki hii hainyeshi. Miaka kumi na minne, tazama. Kila siku imeandikwa."

Msichana alisoma kwa heshima. Alifuata safu kwa kidole mpaka chini.

"Kaka, mimi nina mwaka wa sita hapa," alisema. "Wiki hii sijawahi kuivuka bila mabuti. Nyumba zetu zinaingia maji, tunapandisha magodoro juu ya meza. Nani aliandika haya?"

Kinyozi aligeuka kutazama gari. Mama alikuwa amekaa wima kiti cha mbele, mkoba mapajani, uso umeelekea mbele kabisa, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Alilipa. Alirudi garini na viatu vimejaa maji, akafunga mlango. Mvua ilipiga bati la gari.

"Nilikuwa najaza kabla," alisema mama.

"Unajaza nini kabla?"

"Hali ya hewa. Ile wiki. Nilikuwa naijaza yote siku moja, halafu mambo yanaendelea."

Kinyozi alimtazama. Alielewa maneno, moja moja, na bado hakuelewa. "Ulijua tangu mwezi wa nane. Ulikaa kwenye benchi langu unanisikiliza nikihesabu."

"Niliona aibu. Wamenipa cheti pale, mwanangu. Cheti cha uaminifu. Kimetundikwa ukutani kwako. Ningekwambiaje kwamba nilidanganya fomu ya serikali?" Alishika mkoba kwa mikono miwili. "Nilidhani utaacha. Nilidhani utakuja kusikiliza watu."

"Mama, mwezi wa saba ulikuwa unaona."

"Nilikuwa naona."

"Ulikuwa unaona mpaka sindano unatunga uzi mwenyewe. Tungekuja hata na vumbi. Tungekuja siku ile ile."

"Ndiyo."

Alikasirika. Hakuwahi kumkasirikia mama yake namna ile tangu azaliwe, hasira ya kutaka kupiga usukani ngumi, na kibaya zaidi hakujua sehemu gani ni ya mama na sehemu gani ni yake mwenyewe, aliyeamini karatasi na mwenye karatasi yuko hai mbele yake akisema twende kesho. Msichana wa tiketi alikuwa anasubiri. Kizuizi kilipanda. Kinyozi akawasha gari kwa sababu hakuwa na la kufanya jingine.

Walipopita chini ya kizuizi mama alishika dashibodi, kama gari limepaa. Mita chache mbele akasema, "Simama."

Kinyozi alisimama. Mama aligeuka nyuma mwili mzima, akatafuta kwa jicho lake la kushoto, akisogeza kichwa huku na huku mpaka likakipata kibanda cha tiketi, kwa nyuma.

"Hakijapakwa rangi," alisema.

"Nini?"

"Upande huu. Kila mwaka walikuja mafundi, wanapaka rangi, kijani na nyeupe, wananisogeza na kiti changu. Kumbe wanapaka mbele tu." Alicheka kicheko kifupi. "Miaka yote hiyo nimeegemea saruji tupu."

Kinyozi hakutaka kucheka, akacheka. Haikuondoa hasira, ila iliipunguza makali, na wakaendelea polepole.

Kilomita tatu ni kidogo. Kulikuwa na nyasi ndefu zilizolala kwa maji, miti iliyosimama mbalimbali, na ukungu. Simba hakuwepo. Hata swala hakuwepo. Kinyozi alimwelekeza mama ndege mkubwa mweupe kushoto, lakini mama alipofikisha jicho, ndege alikuwa ameshaondoka. Akamwelekeza nguruwe pori, na huyo naye hakungoja. Kila chenye miguu kilimpita mama pembeni, pale pasipo na kitu tena. Kinyozi alitamani kushuka akawashike wanyama wenyewe kwa mkono wamsubiri.

Karibu na daraja kobe alikuwa anavuka barabara.

Kinyozi alizima injini. "Mbele yetu, mama. Chini. Katikati ya njia."

Mama aliinama mpaka pua ikagusa kioo. Alitafuta, akapotea, akarudi. "Nimempata," alisema.

Kobe alikuwa mkubwa kama karai, na hakuwa na haraka na mtu. Alivuta mguu, akapumzika. Akavuta mwingine. Mvua ilimpiga gambani ikatawanyika. Mama alimfuata kwa kichwa chake chote, kidogo kidogo, kutoka tope la upande huu mpaka tope la upande ule, na ilichukua karibu robo saa. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo muda wote. Kobe alipoingia nyasini mama akapumua.

"Nimemwona wote," alisema. "Mwanzo mpaka mwisho."

Walikaa. Mbele yao maji ya rangi ya chai yalipita juu ya daraja. Kinyozi alikuwa na swali moja lililomsumbua tangu langoni, na hasira ilipopungua likabaki peke yake.

"Lakini kwa nini wiki ile? Wiki nyingine zote umeandika mvua, na mawingu, na nini. Kwa nini ile tu?"

"Nyingine nilikuwepo."

"Na ile?"

"Ile nilikuwa likizo." Mama alisema kana kwamba ni jambo linalojulikana na kila mtu. "Nilikuwa kwa bibi yako. Aliyenishikia dirisha alijua kukata tiketi tu, ile safu ya chini alikuwa anaiacha wazi, halafu bosi ananijia mimi juu. Basi nikawa naijaza kabla sijaondoka, siku saba."

Kinyozi aliona viatu. Aliviona vimeegemezwa karibu na moto, vimejazwa magazeti, vinatoa mvuke, na yeye amekaa chini akivilinda visiungue, kwa sababu mama asingeweza kuondoka bila viatu. Kila mwaka viliingia ndani vimeloa. Alikuwa na jibu miguuni mwake tangu ana miaka minne.

"Ungeandika mvua," alisema. "Ulijua ni wakati wa mvua. Kwa nini uliandika anga safi?"

Mama alifikiri. Alifikiri kwa dhati, kama anayeulizwa na mkaguzi.

"Nilikuwa nakuja kwako," alisema. "Nilikaa pale na kalamu, mkoba umeshafungwa. Hata sikuwa nafikiria mvua."

Kinyozi aliweka paji la uso kwenye usukani akakaa hivyo. Baadaye alisikia mkono wa mama ukipapasa kwenye kiti, ukitafuta, ukapita gia, ukapita kitambaa cha kufutia kioo, mpaka ukalipata daftari la shule na kumsukumia.

"Jaza ya leo," alisema.

Alilifungua kwenye mstari wa mwisho. Kalamu yake ya dukani ilikuwa mfukoni, imelowa, ikagoma mara mbili ndipo ikaandika. Aliandika tarehe. Aliandika gari lililoingia, moja.

"Hali ya hewa?" aliuliza.

Mama aligeuza uso dirishani. Huenda aliona, huenda alisikia tu ikipiga bati.

"Mvua," alisema. "Leo andika mvua. Leo nipo, na wewe upo."